Kokoto za Mirihi na Shimo Ambalo Sikulilaza

Watu wengi wa mtaa wetu wanamjua kama mlinzi wa shule, yule mtu mrefu anayekaa getini kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa waya mguu mmoja. Wanafunzi wanamwita Profesa wa Mirihi. Mimi namwita Kaka. Jina lake la kazi, lile alilokuwa nalo kabla ya geti, ni Kokoto.

Alipewa jina hilo kwa sababu mifuko yake haikukosa mawe madogo. Mkewe alipotaka kufua suruali zake ilibidi kwanza azikung'ute nje ya mlango, na siku moja uvumilivu ukamwishia. "Baba watoto, chagua moja, mimi au hayo mawe." Kokoto akajibu kwamba mawe walau hayaulizi mtu alikuwa wapi. Alilala kwenye kochi siku mbili, na mifuko ikabaki mizito vilevile.

Kazi yake ilikuwa kuchimba visima vyembamba vya mkono, vile ambavyo upana wake hauzidi sahani na urefu wake unashinda nyumba ya ghorofa. Hatukuwa na mashine. Tulikuwa na vyuma vya kuunganisha kimoja juu ya kingine, mpini wa kuzungusha, na mikono minne. Miwili ilikuwa yake, miwili yangu. Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja. Hatukuzaliwa tumbo moja, lakini aliniita mdogo wangu tangu siku ya kwanza, na mimi sikuwahi kupata kaka mwingine.

Mimi si mtu wa maneno. Niliishia darasa la saba, na hata huko mwalimu aliponisimamisha kujibu swali nilikuwa natokwa na jasho kama niliyekimbizwa. Mbele ya watu watatu ulimi wangu unakuwa mzito. Wakifika kumi, sina ulimi kabisa. Kokoto hakuona tabu. "Tumegawana," alikuwa akiwaambia wateja. "Mimi nimechukua mdomo, huyu kachukua mikono. Mkitaka hadithi njooni kwangu, mkitaka kazi mfuateni yeye."

Alikuwa anaisoma ardhi. Tukifika mahali, hakugusa chuma. Alitembea ameinama nusu siku, anaokota, analamba chumvi iliyoganda kwenye udongo, anatema, anaokota tena. Jiwe lenye ncha alilitupa. Jiwe la mviringo alilishika muda mrefu. "Hili limesafiri," alisema. "Jiwe halijichongi lenyewe. Maji yamelibingirisha mpaka likapoteza meno." Kisha, kabla mwenye shamba hajaanza kuchekelea, aliongeza: "Lakini ukiona nyayo za ng'ombe usikimbilie kopo la kukamulia. Aliyepita si aliyepo. Mawe yanatuambia tuchimbe wapi. Shimo ndilo litakalosema kama kuna maji."

Na shimo nalo halikuaminiwa hivihivi. Ukichimba kwa mkono, udongo ukiwa mgumu unamimina maji ili ulainike. Unamimina dumu baada ya dumu, na mengine yanabaki mle chini. Ukiteremsha kamba itarudi imelowa, nawe utadhani umefika. Kumbe ni maji yako mwenyewe, yale uliyoyaleta kwa mkokoteni. Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu ambayo sikuiona kwa wachimbaji wengine. Jioni tulichota maji yote kwa kopo refu la bati mpaka likaanza kupanda na tope tupu, tukafunika mdomo wa shimo kwa gunia, tukaliacha mpaka asubuhi. Asubuhi tukateremsha kamba yenye mafundo na nati kubwa mwishoni. Kama imelowa, ni maji ya ardhi. Kama kavu, tunahama. Tuliita kulilaza shimo. Kokoto alikuwa mtu wa mzaha katika kila jambo, lakini hapo hakucheka. Kuna mteja alimwambia wamalize siku ileile kwa sababu ana safari. "Nenda safari yako," Kokoto akamjibu. "Shimo halijalala."

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Miaka kumi na saba iliyopita kaya thelathini na moja zilitakiwa kuhama zilipokuwa zimepanga, kando ya reli. Walikuwa wamepata eneo kwenye mteremko, mbali kidogo, pazuri, lakini halikuwa na bomba wala mto. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mshonaji, mnene, mwenye sauti, ambaye kila mtu alimwita Mama Mwenyekiti. Alimwambia Kokoto waziwazi, "Baba, sisi tunasubiri neno lako. Ukisema yapo, tunafunga mizigo. Ukisema hayapo, tunatafuta pengine. Usitufurahishe, tuambie."

Kokoto alitembea pale siku mbili. Aliokota kokoto nne za mviringo, akaziweka kwenye mfuko wa shati. Akachagua sehemu ya kwanza, tukaanza. Siku ya sita akapata habari kwamba dada yake amezidiwa, amepelekwa hospitali, na ana binti mdogo nyumbani. Akavua kofia, akaniwekea kamba ya mafundo mkononi. "Malizia leo. Jioni ulikaushe, ulilaze. Kesho asubuhi pima. Nitarudi keshokutwa."

Siku hiyo udongo ulikuwa kama tofali. Nilimimina madumu kumi na manne. Alasiri nikaacha kuzungusha, nikaanza kukunja mikono nipumzike kabla ya kukausha. Ndipo wakaja, wote, na watoto wao, wamesikia kwamba ni siku ya mwisho. Mmoja wa wanaume akaiona kamba. Kabla sijafungua mdomo ameiteremsha, na ilipopanda nati ilikuwa inadondosha matone.

Mama Mwenyekiti akapiga kigelegele. Sijasikia kingine kama kile. Wakaitikia wote, watoto wakaanza kurukaruka, mzee mmoja akaivua nati kwenye kamba akaipaka usoni. Mtu akanishika mkono akautikisa. "Fundi, Mungu akupe maisha marefu!" Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema: ni ya kwetu. Ni maji ya kwetu, nimeyamimina asubuhi. Niliyatafuta nikayapata, yakafika hapa kooni, yakakaa. Watu walikuwa zaidi ya mia. Nikajiambia, acha wafurahi, kesho asubuhi nitapima halafu nitamwambia mmoja wao pembeni.

Sikulikausha. Walikaa pale mpaka giza wakicheza, nami niliona haya kuchota mbele yao kile walichokuwa wanakishangilia. Asubuhi nilipofika nilikuta mkokoteni wa kwanza wa mabati umeshashushwa, na mume wa mtu yuko juu ya ngazi anapigilia. Kamba nikaiteremsha, ikarudi imelowa. Hakika ingelowa. Hakuna aliyekuwa ameyatoa.

Kokoto alirudi, macho mekundu kwa kukesha hospitali. Aliuliza kabla hata ya kukaa. "Ulilikausha?"

"Ndiyo."

"Likalala?"

"Likalala."

"Na asubuhi?"

"Limelowa, Kaka."

Akanipiga begani. Ningeweza kulaumu kundi la watu kwa siku ya kwanza. Kwa siku hii hapakuwa na kundi, tulikuwa wawili, na mmoja alikuwa ananiamini.

Watu wa pampu walikuja baada ya wiki tatu. Nyumba ishirini zilikuwa zimeshaezekwa. Wakafunga pampu, Mama Mwenyekiti akapewa heshima ya kuvuta mpini. Zikatoka ndoo mbili za maji ya tope, kisha pampu ikakohoa, kisha ikatoa hewa. Kokoto aliteremsha kamba mwenyewe mara nne. Akapiga magoti akatia sikio kwenye bomba, kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Alipoinuka hakunitazama mimi, alitoa zile kokoto nne mfukoni akazitazama. "Nimesoma vibaya," akasema.

Hakuna aliyetaka kumsikia tena. Walimwita tapeli, na sokoni Mama Mwenyekiti alimtemea mate mbele ya watu. Walikaa kwenye mteremko ule miezi saba wakichota maji mwendo wa saa mbili. Mama Mwenyekiti aliteleza korongoni na dumu kichwani, akavunjika nyonga. Baada ya hapo wakaanza kuondoka kaya moja moja, wakang'oa mabati yao, kuta zikabaki wazi juu. Kokoto hakuchimba tena. Aliuza vyuma vyote. Kamba ya mafundo tu ndiyo iliyobaki, kwangu, ndani ya debe chini ya kitanda, kwa sababu hakuwahi kuidai na mimi sikuthubutu kuirudisha.

Dada yake alifariki mwaka ule, na yule binti akalelewa na Kokoto. Leo ni mwalimu wa sayansi katika shule yetu, na ndiye aliyemtafutia mjomba wake kazi ya getini. Ndiye pia aliyemletea Mirihi.

Aliileta katika gazeti. Mirihi ni sayari, jirani ya dunia yetu, nyekundu kwa kutu, na wengine huiita Mars. Mwalimu alimwonyesha picha iliyopigwa na chombo chenye magurudumu kilichotumwa huko. Kokoto akavaa miwani, akaisogeza picha, akairudisha. Katikati ya mwamba uliopasuka kulikuwa na mawe madogo ya mviringo.

Alinipigia simu wakati huohuo. "Mdogo wangu, njoo. Wamepata kokoto zangu."

Tangu siku ile akawa hazungumzi kingine. Alibandika picha ndani ya kibanda cha geti. "Fikiria," aliniambia. "Wametuma gari lisilo na dereva mpaka kwenye sayari nyingine likapige picha ya kokoto. Mimi nilikuwa nakwenda kwa miguu na hakuna aliyenipiga picha hata moja." Alitaka kujua kila kitu. Mwalimu akamweleza kwamba huko kuna barafu kwenye ncha za sayari, na nyingine imefukiwa chini ya udongo. Kwamba mito ilipita zamani mno. Kwamba hewa yake ni nyembamba haivutiki, na maji ukiyamwaga nje hayakai, yataganda au yatapotea hewani. Na kwamba hata hivyo wapo watu wanaopanga kwamba siku moja binadamu wakaishi kule. Hapo Kokoto aliigeukia picha. Kisha akauliza swali ambalo mwalimu hakulielewa, nami nililielewa mpaka kwenye mifupa. "Watalilaza shimo?"

Mwalimu alipofika kwenye somo la sayari akamwomba mjomba wake aje darasani awaonyeshe watoto jinsi mtu anavyojua kwamba mahali palikuwa na maji. Kokoto akaomba mwenzake aje kumsaidia kushika debe. Nilitafuta sababu ya kukataa, sikuipata. Nilichukua kamba ya mafundo chini ya kitanda nikaenda nayo, kwa kuwa aliitaja.

Darasa lilikuwa na watoto hamsini na kitu. Niliketi pembeni, karibu na kabati, kwenye kiti cha mtoto, magoti yakinigusa kidevu. Kokoto alikuwa amenyoa na amevaa shati la kola. Alipitisha kokoto mikononi mwao, akawaambia kuhusu meno ya jiwe na nyayo za ng'ombe, wakacheka.

"Babu, kwa hiyo Mirihi tutahamia lini?" akauliza mmoja.

"Wewe uhamie Mirihi? Jana mama yako kakutuma bombani mara tatu ukasema mguu unauma."

Darasa likalipuka. Msichana mmoja wa dawati la mbele hakucheka, alikuwa anaandika. "Sasa mtu akifika kule atajuaje maji yapo ya kutosha watu? Isije ikawa ni alama tu."

"Ee, huyu ndiye," Kokoto akasema. Akachukua debe la udongo, akalitoboa kwa kijiti, akamimina maji ya chupa, akawaonyesha kijiti kimelowa. "Kuna maji?" Wakasema yapo! "Ya nani?" Wakatazamana. Akawaeleza kulilaza shimo. Kisha, bila kuulizwa, akasema, "Mimi niliwahi kuhamisha kaya thelathini na moja kwa kokoto nne. Nilisoma vibaya. Walifika, maji hayakuwepo. Kuna mama anatembea na mkongojo kwa ajili ya macho yangu haya. Ndiyo maana nawaambia, wale wa Mirihi wasiwe na haraka."

Msichana akainua mkono. "Lakini babu, lile shimo lililazwa?"

"Lililazwa."

"Nani alishuhudia?"

Kokoto akanyoosha kidole kwangu, na uso wake ulikuwa na fahari. "Mwenzangu yule. Na yeye akisema limelala, limelala. Sijawahi kumtilia shaka."

Watoto wote wakageuka. Nikasimama, kile kiti kikaanguka. Niliiambia sakafu, "Halikulazwa."

"Paza sauti, mdogo wangu," Kokoto akasema kwa upole. "Wa nyuma hawakusikii. Ana haya huyu, msimcheke."

"Halikulazwa, Kaka. Sikulikausha. Nilikudanganya."

Mwalimu aliweka chaki chini. Kokoto alibaki na kijiti mkononi, kinadondosha.

"Madumu mangapi?"

"Kumi na manne."

"Yote ya kwetu."

"Yote ya kwetu."

Akageukia debe lake. Aliwamalizia watoto somo, akawaonyesha namna ya kukausha kwa kijiko, akawaambia wafunike kwa gazeti na kesho waje kutazama. Udongo ulimwagika kwenye shati la kola, hakuupangusa. Mimi nilikuwa nimesimama muda wote. Hakuna aliyeniambia nikae.

Nje, getini, hakuketi.

"Miaka kumi na saba naamka nazo," akasema. "Kokoto nne. Nazigeuza kichwani, natafuta nilikosea upande gani." Akavuta pumzi. "Nilikuwa na sehemu ya pili. Chini kidogo, karibu na kichuguu. Ungeniambia nilipotoka hospitali tungehamisha vyuma. Mabati mengi yalikuwa bado chini."

"Yangekuwepo kule, Kaka?"

"Sijui. Hilo ndilo ulilochukua. Hatutajua, fundi."

Hakuwa amewahi kuniita fundi. Wateja ndio walioniita hivyo.

Nikaanza kuomba radhi, akanikata. "Usianze na mimi. Mimi nilipoteza kazi. Yupo aliyepoteza nyonga. Nenda kwake. Halafu andika, kwa sababu waliobaki hujui walipo, na mdomo wako nimeshauona. Mikono yako angalau inafanya kazi."

Mama Mwenyekiti anashona sare za shule barazani kwake. Mlango ule nimeupita mara nyingi nikitazama upande mwingine, lakini kesho yake nilisimama. Sasa ni mwembamba, anakanyaga cherehani kwa mguu mmoja, na mkongojo umeegemea ukuta.

"Wewe ndiye yule mwenzake asiyesema," akasema.

"Ndiyo, mama."

Nikamwambia. Ilichukua muda, nikikwama na kuanza upya, naye aliendelea kushona mpaka nilipofika kwenye madumu. Hapo gurudumu likasimama.

"Ulikuwa unaogopa nini?"

"Kigelegele chako, mama. Niliona haya kukikatisha."

Alinitazama kama anayetafuta kitu usoni mwangu na hakioni. "Siku ile nilipiga mpaka koo likaniuma," akasema. "Na wewe ulikuwa umesimama pale." Akakata uzi kwa meno. "Kwako sina neno leo. Usinisubiri nikupe. Lakini yule kaka yako nilimtemea mate, na hilo ni langu. Mwambie aje. Mimi kilima kile cha shule sikiwezi."

Nikarudi getini nikamweleza. Kokoto aliuliza mara mbili kama ndivyo alivyosema. Kisha akatafuta kofia yake ndani ya kibanda, akaipiga vumbi kwenye goti. Alichukua na ile kamba iliyobaki kibandani tangu jana, akaikunja akaitia mfukoni pamoja na mawe.

"Kaa hapa, fundi. Usimfungulie mtu usiyemjua."

Nikaketi kwenye kiti cha waya, nikamtazama akiteremka. Kengele ililia, watoto wakamiminika. Yule msichana wa dawati la mbele akasimama mbele yangu.

"Profesa yuko wapi?"

"Ameitwa na mtu."

"Lile debe letu lilikuwa kavu asubuhi." Akatazama ile picha kibandani, kisha mimi. "Na Mirihi je? Maji yapo, au yalipita tu?"

Wenzake wakajaa nyuma yake, kumi, ishirini. Jasho likaanza kunitoka. "Yalipita," nikasema. "Na barafu ipo. Kama inatosha watu kwenda kuishi, hilo sijui. Bado hakuna aliyelilaza shimo."